Wasifu wa Dakta James Herrick na Historia ya Seli Mundu

Kabla ya kusoma

Wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Mtu akijiandikia maisha yake mwenyewe, kazi hiyo huitwa tawasifu. Katika mtihani, watahiniwa wengi hupoteza alama kwa sababu huorodhesha tarehe bila kuonyesha mtu huyo alifanya nini, kwa nini alikifanya, na kilileta tofauti gani kwa watu wengine. Soma wasifu ufuatao ukiwa na maswali hayo matatu akilini. Utakusaidia pia kurudia mada ya damu, mzunguko wa damu na urithi katika somo la Biolojia.

Kuzaliwa na elimu

James Bryan Herrick alizaliwa tarehe 11 Agosti 1861 huko Oak Park, mji mdogo ulio karibu na Chicago, katika jimbo la Illinois nchini Marekani. Alisoma shule za kwao, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Michigan, ambako alihitimu shahada ya kwanza mwaka 1882. Tangu ujana wake alipenda sana fasihi. Mapenzi hayo hayakumtoka hata alipozeeka. Akiwa mzee wa miaka sabini alikuwa bado anasoma tungo za Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14, na aliandika makala ya kueleza kwa nini.

Baada ya chuo hakwenda moja kwa moja kwenye udaktari. Alifanya kazi ya ualimu wa shule ya sekondari kwa miaka michache. Baadaye akaingia Chuo cha Tiba cha Rush mjini Chicago, akahitimu udaktari mwaka 1888. Alipata mafunzo ya kazi katika hospitali kubwa ya umma ya Cook County, kisha akaanza kutibu wagonjwa mjini humo. Aliendelea pia kufundisha, kwa kuwa Chuo cha Rush kilimfanya mwalimu wake, na mwaka 1900 akawa profesa wa tiba. Katika Hospitali ya Presbyterian, iliyoshirikiana na chuo hicho, alikuwa daktari kwa miaka mingi.

Jambo moja la maisha yake linafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi. Alipopita umri wa miaka arobaini, akiwa tayari profesa mwenye jina, Herrick aliona kwamba tiba ilikuwa inabadilika. Maabara ilikuwa inaanza kujibu maswali ambayo zamani yalijibiwa kwa kukisia tu. Yeye hakuwa na msingi imara wa kemia. Basi akarudi darasani katika Chuo Kikuu cha Chicago, akakaa pamoja na vijana, akajifunza kemia upya. Hakuona haya kuwa mwanafunzi wakati wengine walimwita profesa.

Mgonjwa kutoka Grenada

Mwezi Septemba 1904 kijana mmoja aitwaye Walter Clement Noel aliwasili Marekani kwa meli akitokea Grenada, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi. Alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya watu weusi waliokuwa na ardhi na uwezo. Alikuja kusomea udaktari wa meno katika chuo kilichokuwa karibu na Hospitali ya Presbyterian.

Chicago ni mji wenye baridi kali. Kijana aliyezoea joto la kisiwani alianza kuugua mapema. Tarehe 26 Desemba 1904, siku moja baada ya Krismasi, Noel alilazwa katika Hospitali ya Presbyterian. Alikuwa na kikohozi, homa, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Miguuni alikuwa na makovu ya vidonda vilivyomsumbua kwa muda mrefu. Alikuwa mchovu, na moyo ulimdunda alipofanya kazi kidogo tu.

Daktari aliyempokea alikuwa Ernest Irons, kijana wa miaka 27 aliyekuwa katika mafunzo ya kazi chini ya Herrick. Irons alifanya jambo ambalo daktari yeyote wa mafunzo alitakiwa kulifanya: alichukua tone la damu ya mgonjwa, akalipaka kwenye kioo, akalitazama kwa hadubini. Alichokiona hakikuwa katika vitabu vyake. Seli nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni duara kama sahani iliyobonyea katikati, zilikuwa pamoja na nyingine nyembamba, ndefu, zilizopinda kama mundu wa kukatia nyasi. Irons alichora mchoro wa seli hizo katika jalada la mgonjwa, kisha akamwita mkubwa wake.

Kutafuta uhakika

Herrick alipotazama, jambo la kwanza alilojiuliza ni kama kitu kile kilikuwa cha kweli. Damu ikipakwa vibaya kwenye kioo, au dawa ya rangi ikitumiwa isivyofaa, seli zinaweza kubadilika umbo, na mtazamaji akadhani amegundua ugonjwa kumbe ameona kosa la maabara. Kwa hiyo damu ya Noel ilipimwa tena na tena. Ilitazamwa ikiwa mbichi, na ilitazamwa ikiwa imekaushwa na kutiwa rangi. Damu ya watu wengine ilitayarishwa kwa njia ile ile ili kulinganisha. Seli za watu wengine zilibaki duara, lakini za Noel zilipinda.

Zingatia hatua hii, mtahiniwa. Ndiyo maana ya jaribio lenye kidhibiti. Unabadilisha jambo moja tu, mambo mengine yote unayaacha sawa, kisha unaangalia tofauti.

Idadi ya seli nyekundu katika damu ya Noel ilikuwa takriban nusu ya ile ya mtu mwenye afya. Huo ulikuwa upungufu mkubwa wa damu. Herrick na wenzake walichunguza sababu zilizojulikana wakati huo, kama vile minyoo na maradhi ya kuambukiza, lakini hakuna hata moja iliyoeleza kila kitu. Mgonjwa alipewa mapumziko, chakula bora na dawa yenye madini ya chuma. Baada ya wiki kadhaa alipata nafuu akarudi chuoni.

Nafuu hiyo haikudumu. Kwa zaidi ya miaka miwili Noel aliugua mara kwa mara: kifua, maumivu ya viungo, macho kuwa ya njano, vidonda. Kila mara Irons na Herrick walimhudumia na kuandika walichokiona. Pamoja na mateso hayo yote, Noel hakuacha masomo. Mwaka 1907 alihitimu udaktari wa meno pamoja na wenzake, akarudi Grenada, akafungua kazi yake katika mji mkuu, Saint George's. Alifanya kazi hiyo hadi mwaka 1916, alipofariki kwa nimonia akiwa na umri wa takriban miaka 32. Alizikwa kisiwani kwao.

Makala ya mwaka 1910

Herrick alikaa na habari za Noel kwa muda mrefu bila kuzitangaza. Alitumaini angempata mgonjwa wa pili wa aina hiyo, au angepata maelezo ya chanzo cha ugonjwa. Hakupata hiki wala kile. Mwishoni aliamua kuwaeleza wenzake alichokiona, ingawa hakuweza kueleza sababu yake. Mwaka 1910 alitoa taarifa katika mkutano wa madaktari, na mwezi Novemba mwaka huo makala yake ikachapishwa katika jarida la tiba. Alieleza umbo la seli, hali ya mgonjwa, vipimo vilivyofanyika, na mambo ambayo hakuyaelewa. Hakuupa ugonjwa jina. Hakudai kwamba ni ugonjwa mpya kwa hakika. Alidokeza tu kwamba huenda chanzo kilikuwa badiliko fulani ndani ya seli nyekundu yenyewe.

Dokezo hilo lilikuja kuthibitishwa karibu miaka 40 baadaye.

Kuna upande wa pili wa habari hii ambao mwandishi wa wasifu hapaswi kuuficha. Makala ilichapishwa kwa jina la Herrick peke yake. Irons, aliyekuwa wa kwanza kuziona seli zile, hakuwa mwandishi mwenza. Noel mwenyewe hakutajwa jina, kama ilivyo desturi ya kutunza siri ya mgonjwa. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa miongo mingi dunia ilimjua daktari na haikumjua mgonjwa. Wanahistoria walifukua kumbukumbu za zamani wakampata, na leo jina la Walter Clement Noel hutajwa pamoja na la Herrick. Irons naye hakubaki nyuma maishani. Baadaye aliongoza Chuo cha Rush, na pia Chama cha Madaktari cha Marekani.

Herrick na mishipa ya moyo

Miaka miwili baada ya makala ile, Herrick aliandika nyingine iliyomfanya ajulikane zaidi akiwa hai. Ilihusu moyo.

Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe pia unahitaji damu yenye oksijeni. Damu hiyo huletwa na ateri ndogo zinazouzunguka moyo. Kabla ya mwaka 1912 madaktari wengi waliamini kwamba ateri hizo zikizibwa ghafla na donge la damu, mtu hufa papo hapo, kwa hiyo hakuna tiba ya kufikiria. Mwezi Desemba 1912 Herrick alionyesha kwamba sivyo. Alieleza wagonjwa waliopatwa na maumivu makali ya kifua, ambao waliishi kwa saa, siku au muda mrefu zaidi baada ya mishipa yao kuziba. Kama mtu anaweza kuishi, basi ugonjwa unaweza kutambuliwa wakati yungali hai, na anaweza kusaidiwa kwa mapumziko na uangalizi.

Aliposoma makala hiyo mbele ya madaktari wenzake, hawakuijali. Wengi wangekata tamaa. Herrick aliendelea kulieleza jambo lile lile. Mwanafunzi wake, Fred Smith, alifanya majaribio ya kuziba mishipa ya moyo ya mbwa na kurekodi umeme wa mioyo yao kwa mashine. Mabadiliko yaliyoonekana kwenye karatasi ya mashine yalifanana na yale ya wagonjwa. Tangu hapo, katika miaka ya 1918 na 1919, madaktari walianza kumsikiliza. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho leo hufanywa katika hospitali nyingi, kilipata nguvu kutokana na kazi hiyo.

Linganisha kazi hizi mbili. Katika kazi ya mwaka 1910, Herrick alieleza seli iliyobadilika umbo. Katika kazi ya mwaka 1912, alieleza mshipa uliozibwa na damu ikashindwa kupita. Yeye hakujua kwamba siku moja mambo hayo mawili yangekutana, kwa kuwa katika ugonjwa wa seli mundu tatizo kubwa ni hilo hilo: seli iliyobadilika umbo huziba njia ya damu.

Waliofuata nyayo zake

Mgonjwa wa pili alielezwa mwaka 1911 huko Virginia. Mwaka 1917 Victor Emmel aliweka tone la damu ya mgonjwa chini ya kioo kilichozibwa pembeni, akaona seli nyingi zaidi zikipinda kadiri muda ulivyopita. Aliona jambo hilo pia katika damu ya baba wa mgonjwa, ambaye hakuwa anaumwa. Mwaka 1922 Verne Mason, wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliupa ugonjwa jina la upungufu wa damu wa seli mundu.

Kwa kuwa wagonjwa wote wa mwanzo walikuwa na asili ya Afrika, madaktari wengi wa Marekani walishikilia kwamba huu ni ugonjwa wa watu weusi peke yao. Walikosea. Ugonjwa huo ulionekana pia kwa watu wa Ugiriki, Italia, Uarabuni na India. Kosa hilo lilichelewesha utambuzi kwa wagonjwa wengine, na likatumiwa na baadhi ya watu kuhalalisha ubaguzi.

Mwaka 1927 Hahn na Gillespie walionyesha chanzo cha kupinda. Walipoondoa oksijeni katika damu ya mgonjwa, seli zilipinda. Walipoirudisha, nyingi zilirudi kuwa duara. Mwaka 1940 Thomas Ham na William Castle, mjini Boston, waliunganisha ugunduzi huo na mwendo wa damu. Walieleza mzunguko mbaya ufuatao:

1. Seli hutoa oksijeni katika tishu, na baadhi yake hupinda.
2. Seli zilizopinda huwa ngumu, na damu huwa nzito.
3. Damu nzito hupita polepole katika mishipa midogo.
4. Inapochelewa, hupoteza oksijeni zaidi.
5. Ikipoteza oksijeni zaidi, seli nyingi zaidi hupinda, na mshipa huziba.

Mwaka 1945 Castle alimweleza mkemia Linus Pauling habari za ugonjwa huu. Pauling alifikiri mara moja kwamba kasoro lazima iwe katika hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu. Mwaka 1949 yeye pamoja na Itano, Singer na Wells walithibitisha hivyo. Waliweka hemoglobini katika uwanja wa umeme, na hemoglobini ya wagonjwa ikasafiri tofauti na ya watu wenye afya. Kwa mara ya kwanza ugonjwa ulifuatiliwa hadi kwenye molekuli moja. Mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, asidi amino ya 6, ambayo ilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, imekuwa valini. Mnyororo huo una asidi amino 146, na badiliko la moja tu linatosha kuleta ugonjwa.

Seli mundu huzuiaje damu?

Seli nyekundu ya kawaida ina kipenyo cha takriban mikromita 7 hadi 8. Baadhi ya kapilari ni nyembamba kuliko seli yenyewe. Seli yenye afya hupita humo kwa sababu ni laini, hujikunja na kujikunjua. Hemoglobini ya mgonjwa wa seli mundu, inapopoteza oksijeni, molekuli zake hushikana na kufanya nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huisukuma seli kutoka ndani na kuifanya mundu. Seli ngumu haijikunji, nayo huelekea kunata kwenye kuta za mishipa.

Matokeo yake ni makundi mawili. Kundi la kwanza hutokana na kuziba: maumivu makali ya mifupa na viungo, uvimbe wa mikono na miguu kwa watoto wadogo, kuharibika kwa bandama, kiharusi, na matatizo ya kifua. Kundi la pili hutokana na kuvunjika kwa seli mapema. Seli nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini ya mgonjwa huishi takriban siku 10 hadi 20. Mwili haumudu kutengeneza nyingine kwa kasi hiyo, ndipo huja upungufu wa damu na macho ya njano. Ukirudia kusoma dalili za Noel, utaona kwamba nyingi zimo katika orodha hii.

Mtoto aliyezaliwa na ugonjwa huu huwa na nafuu katika miezi ya kwanza, kwa kuwa bado ana hemoglobini ya mtoto tumboni, ambayo haina kasoro hiyo. Daktari Janet Watson wa New York alilieleza jambo hilo mwaka 1948. Ndiyo sababu mzazi anaweza kuona mtoto mzima, kisha dalili zikaanza baadaye, akadhani amelogwa. Hakuna uchawi hapo. Ni hemoglobini moja inayopungua na nyingine inayochukua nafasi yake.

Urithi

Ugonjwa huu hauambukizwi. Mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Tumia herufi A kwa jeni ya kawaida na S kwa jeni ya seli mundu. Mwenye AA hana kasoro. Mwenye AS ni mbebaji, na kwa kawaida haumwi. Mwenye SS ana ugonjwa. Baba AS akioa mama AS, uwezekano kwa kila mimba ni AA asilimia 25, AS asilimia 50, na SS asilimia 25. Jihadhari: haimaanishi kwamba katika watoto wanne lazima mmoja awe mgonjwa. Kila mimba ina uwezekano wake upya.

Uhusiano na Afrika Mashariki

Kama jeni ya S huleta mateso na vifo, kwa nini haikutoweka? Jibu lilipatikana katika ardhi yetu. Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alikuja Kenya mwaka 1949 katika msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford. Alipopima damu za watu, aliona kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Sehemu za kwanza zina mbu na malaria nyingi, na nyanda za juu zina malaria kidogo. Akaendelea na uchunguzi Kenya na Uganda, na mwaka 1954 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mwenye AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jeni ilibaki kwa sababu iliwaokoa wengi waliobeba nakala moja, ingawa iliwaumiza waliorithi nakala mbili.

Kinga hiyo si kamili. Mwenye AS anaweza kuugua malaria, hivyo chandarua ni muhimu kwake pia. Na mwenye SS hana faida hiyo: malaria kwake ni hatari kubwa.

Uzee na kifo

Herrick alistaafu uprofesa mwaka 1927 lakini hakuacha kusoma, kuandika na kuhudhuria hospitali. Mwaka 1939 Chama cha Madaktari cha Marekani kilimpa nishani ya utumishi uliotukuka. Mwaka 1949, mwaka ule ule ambao Pauling alithibitisha kasoro ya hemoglobini, Herrick alichapisha tawasifu yake, akikumbuka miaka themanini ya maisha yake. Alifariki mjini Chicago tarehe 7 Machi 1954, akiwa na umri wa miaka 92. Ulikuwa mwaka ule ule wa makala ya Allison. Shirika la Moyo la Marekani hutoa tuzo yenye jina lake.

Tathmini ya maisha yake

Herrick hakugundua tiba ya seli mundu. Hakujua chanzo chake, na hakujua kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Mchango wake ulikuwa wa aina nyingine. Aliamini kile ambacho hadubini ilionyesha baada ya kukihakiki, alikieleza kwa usahihi, na alikiri mipaka ya ujuzi wake. Kwa sababu maelezo yake yalikuwa ya kweli, wengine waliweza kuanzia pale alipoishia. Hata dawa ya haidroksiyurea, ambayo mwaka 1995 ilithibitishwa kupunguza vipindi vya maumivu, ni tunda la mti uliopandwa hapo. Dawa hiyo huongeza hemoglobini ile ya mtoto tumboni, hivyo seli hazipindi kwa urahisi.

Mwandishi mwadilifu ataongeza majina mengine mawili. Bila Irons kuangalia kioo kwa makini, Herrick asingeitwa. Na bila Noel, aliyekubali kupimwa na kupimwa tena huku akijiandaa kwa mitihani yake kati ya homa na maumivu, pasingekuwa na cha kuandika. Huenda darasani kwenu yumo mwanafunzi mwenye ugonjwa huu. Akikosa vipindi kwa sababu ya maumivu, si mvivu. Mpe madaftari yako anakili, mkumbushe kunywa maji ya kutosha na kujikinga na baridi, na akipatwa na homa, maumivu ya kifua au shida ya kupumua, mwambieni mwalimu mara moja apelekwe hospitali.

Tarehe za kukumbuka

- 1861: Herrick azaliwa Oak Park.
- 1888: Ahitimu udaktari.
- 1904: Noel alazwa, Irons aona seli zilizopinda.
- 1910: Makala ya seli zenye umbo la mundu.
- 1912: Makala ya kuziba kwa ateri za moyo.
- 1922: Mason aupa ugonjwa jina.
- 1927: Hahn na Gillespie waonyesha athari ya kukosa oksijeni.
- 1940: Ham na Castle waeleza mzunguko mbaya wa mwendo wa damu.
- 1949: Pauling na wenzake wathibitisha kasoro ya hemoglobini.
- 1954: Allison achapisha uhusiano na malaria, Herrick afariki.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha wasifu na tawasifu kwa kutumia mfano wa Herrick. (alama 4)
2. Kwa nini Herrick alilinganisha damu ya Noel na damu ya watu wengine? (alama 3)
3. Eleza kwa hatua jinsi upungufu wa oksijeni unavyofanya damu ya mgonjwa wa seli mundu ipite polepole. (alama 5)
4. Mume na mke wote ni AS. Chora jedwali la urithi na uonyeshe uwezekano wa kila aina ya mtoto. (alama 4)
5. Wabebaji wa jeni ya S ni wengi zaidi pwani kuliko nyanda za juu za Kenya. Fafanua. (alama 4)
6. Je, ilikuwa haki makala ya mwaka 1910 kutoka kwa jina la Herrick peke yake? Toa hoja za pande mbili, kisha msimamo wako. (alama 10)

Kidokezo kwa swali la 6: usikimbilie kumlaumu au kumsifu. Taja kwanza kazi ya kila mmoja: aliyeona, aliyehakiki na kuandika, na aliyeugua. Msimamo usio na ushahidi kutoka katika habari hauwezi kupata alama zote.